Namba Chini ya Rangi

Jumanne, 18 Mei

Madaftari ishirini na tisa nimesahihisha. Yamebaki kumi na mawili, yatangoja kesho. Darasa langu la tatu linajua kujumlisha, hapo sina lawama. Lakini nne zao zinanitia wazimu. Zote mguu umepinda kwenda kushoto, kama kiti kibovu cha kilabu. Watoto arobaini na mmoja na hakuna hata mmoja mwenye nne iliyosimama. Sijui wanajifunza wapi. Nimeandika "simamisha nne" kwa bic nyekundu mpaka bic imeanza kukwama.

Hapa nyumbani ni gauni tu. Mama anashona za kwaya, kumi na nane, za Pentekoste Jumapili hii. Buluu, kola nyeupe. Mdogo wangu Aline anaweka vifungo na kulalamika. Ana miaka kumi na tisa na analalamika kwa ustadi, siwezi kumnyima sifa hiyo. Kaka yetu Janvier amepita na pikipiki yake ya kubebea abiria, amekula sombe, kisamvu cha Mama, akiwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, ameondoka. Ana mke na nyumba Ndosho lakini tumbo lake bado linaishi hapa Mabanga.

Nimenunua rangi. Iko chini ya kitanda changu. Mama hajui. Kesho mchana anakwenda parokia kuwapimisha wanakwaya, na akienda huko harudi kabla ya saa kumi na moja. Chumba chake kitakuwa kijani, kijani cha ndani ya parachichi. Tangu Papa afariki, miaka minne sasa, hakuna aliyekigusa. Chumba kimekuwa cheusi. Mama amevisha nusu ya mtaa huu na yeye analala ndani ya sanduku la moshi. Imetosha.

Jumatano, 19 Mei

Nimemaliza. Mikono inanuka petroli, nywele zina kijani.

Kwanza tulishusha vitambaa. Nyumba ya mbao inapitisha upepo, basi ukuta unautandikia kitambaa kwa ndani. Vya Mama ni vinne, kimoja kila ukuta. Alivishona mwenyewe kwa amerikani tulipohamia hapa, na havijashuka tangu siku hiyo. Vumbi la miaka kumi na mitatu. Lilikuwa limepenya kati ya mbao na kuchora michirizi ya kahawia toka juu hadi chini. Nilikohoa mpaka machozi. Nitavifua Jumamosi.

Nyuma ya vitambaa, namba za Papa. Nilikuwa nimezisahau. Moja hadi arobaini na sita, kila ubao na namba yake, kwa makaa, juu pale macho yake yalipofika. Hata zile nne zake zenye mguu uliochoka zilikuwa palepale. Tulitoka kilima cha Babu, juu ya Rutshuru, wakati wa uasi wa kwanza, nikiwa na miaka saba. Papa aliandika namba, akang'oa ubao mmoja mmoja, akapakia lori, akaisimamisha nyumba Kibumba. Uasi mwingine ukaja nikiwa ninamaliza sekondari. Akazikoleza namba, akang'oa tena, akaisimamisha hapa. Mbao zetu zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili na hakuna hata moja iliyonyooka. Kila moja inakubaliana na jirani yake tu. Ukizichanganya, mkono unapita katikati. Ndiyo maana ya namba. Nilijifunza kuhesabu juu ya ukuta ule, nimelala kati ya Papa na Mama, Papa akinionyesha kwa ufito.

Aline aliuliza, "Yaya, tuziandike kwanza kwa inje?"

Nilikataa. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye. Nilikataa na nikasikia raha. Nyumba yenye namba ni nyumba inayongoja kukimbia. Mimi nimemaliza kukimbia. Nina darasa, Mama ana wateja mpaka mtaa wa Himbi, kodi ya kiwanja tunalipa. Nilichovya brashi nikaanza na namba moja. Ilichukua mikono miwili ya rangi ndipo zikapotea.

Alhamisi, 20 Mei

Jana Mama alisimama mlangoni na mkoba wake bado begani. Akagusa ukuta, kidole kikatoka kijani. Akacheka. Akasema sasa ana chumba cha bibi arusi. Akamsifu Aline, akanisifu mimi, akakaa kitandani akaangalia pande zote nne. Halafu akauliza.

"Na namba?"

"Ziko chini ya rangi, Mama."

"Haya."

Basi. Akarudi kwenye mashine. Ninamjua kwa miguu yake. Kanyagio lilisimama mara tatu kabla kola moja haijaisha, na Mama si mtu wa kusimamisha kanyagio. Leo darasani nimekuwa mkali bila sababu.

Jumamosi, 22 Mei

Gauni zimeisha. Zimepigwa pasi, zimetundikwa kwenye kamba sebuleni, tunapita chini yake tumeinama. Asubuhi Mama aliona kola moja imekaa vibaya, labda kwa upana wa uzi mmoja. Akaifumua yote na kuishona upya. Mwenye gauni asingeona. Kwaya nzima isingeona, wala padri. Mimi ningeiacha, na ninajua hivyo, ndiyo maana naandika.

Vitambaa vya ukuta viko ndani ya beseni, sabuni ya unga iko tayari. Aline amepanga foleni ya maji na vidumu. Jioni nitaloweka. Mama amelala chumbani kwetu siku tatu kwa sababu ya harufu. Leo anarudi chumbani kwake.

Jumapili, 23 Mei

Sijaloweka kitu. Mlima umetapika.

Jana saa moja jioni mbingu ya upande wa Nyiragongo ilikuwa nyekundu. Mtaa wote ukatoka kuangalia, kisha mtaa wote ukaanza kutembea. Mimi nilishika vyeti vyangu na sufuria. Sufuria ya nini, sijui. Mama hakushika chake chochote. Alituita chini ya ile kamba na kutuvalisha gauni za kwaya juu ya nguo zetu, moja juu ya nyingine. Mimi tano, Aline tano, yeye mwenyewe nne. Janvier alipofika mbio na pikipiki alifungwa nne zilizobaki shingoni na kiunoni, akainua mikono kama mtoto anayevalishwa kwa ubatizo. Hivyo mikono yote minane ikawa huru kubeba mashine na chakula. Tulikwenda njia ya Sake na umati, sisi wanawake watatu tumenenepa ghafla. Mtu mmoja alitucheka. Katikati ya hofu ile alicheka, na mimi nikacheka naye.

Alfajiri tuliambiwa lava imesimama Buhene. Tumerudi. Nyumba ipo. Kuna watu huko juu hawana tena cha kurudia, na moyo unaniuma nikifikiri hivyo. Wanakwaya saba walikuja asubuhi na macho mekundu, wakachukua gauni zao, wakaenda kuimba Pentekoste. Hakuna hata moja iliyokuwa na doa.

Maji hayatoki. Wanasema mabomba yako chini ya lava. Vitambaa vitangoja.

Jumanne, 25 Mei

Ardhi haitulii. Aline alikuwa anahesabu matetemeko, ameacha. Shule zimefungwa. Tunaishi uani chini ya turubai, kwa viazi na chai.

Mama ametoa mashine nje. Anakanyaga. Ardhi ikitikisika anainua mguu, anashika gurudumu, anangoja. Ikitulia anaendelea pale sindano ilipokuwa. Mshono umenyooka, niliuangalia kwa makusudi. Mimi chai yangu imemwagika mara mbili.

Jumatano, 26 Mei

Asubuhi nilikuta mstari uani. Mwembamba, ungefikiri mtu amekokota fimbo. Saa sita kiganja changu kilikuwa kinaingia. Umetoka kwa jirani, umepita chini ya chumba cha Mama, umeendelea hadi barabarani. Chumba kimeinama. Mlango haufungi.

Janvier alilala kifudifudi akachungulia chini. Akasema chumba lazima kitoke kabla hakijavuta nyumba nzima, tukisimamishe mbele, pale Mama anapoanika nguo. Papa alikifunga chenyewe, kinatoka bila kugusa vingine viwili alivyoongeza baadaye. "Kesho tunavunja," alisema. "Si namba za muzee ziko."

Aline aliangalia miguu yake. Nikamwambia Janvier mwenyewe. Hakunifokea. Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa. Akasema tu kwamba Kibumba, ile mara ya pili, yeye ndiye alimshikia Papa ngazi. Afadhali angefoka.

Kisha akasema, "Andika zingine. Leo, kwa inje, na chaki."

Nilimwambia ndiyo. Chaki ninayo, mimi mwalimu. Lakini kwanza nilitaka namba ya Papa hata moja ionekane. Nikachukua petroli na kitambaa, nikafuta ubao wa kwanza. Rangi ilitoka, na makaa yakatoka pamoja nayo. Wa pili nilifuta polepole zaidi. Wa tatu kwa kisu. Mti mtupu. Nilipojua ninafanya upumbavu giza lilikuwa limeingia, na Mama alikataza mtu kukaribia ukuta ulioinama. Kesho asubuhi na mapema nitaandika zote.

Alhamisi, 27 Mei

Redio ilitutangulia. Mabanga yote itoke, na mitaa mingine. Sikuandika hata namba moja. Chaki iko mfukoni mwangu, hapa Sake, ndani ya darasa la shule tunalolala familia sita.

Janvier alimbeba Mama na kichwa cha mashine. Mimi na Aline tulitembea. Barabara yote ilikuwa watu, magodoro, mbuzi, chukudu za mbao za kusukuma zimepakia mpaka mabibi. Miguu yangu imevimba.

Kitu kimoja kimenikera na bado kinanikera. Wakati wa kufunga mzigo Mama alikwenda kwenye beseni, akavichukua vile vitambaa vya ukuta, vichafu vilevile, akavikunja taratibu, akavifunga ndani ya liputa lake la Jumapili. Kitenge kipya kabisa. Shuka mbili safi zimebaki kitandani kwangu. Nilimwuliza kwa nini. Akakaza fundo.

Jumapili, 30 Mei

Ziwa liko karibu, maji yapo tele. Nimewafulia watu wangu wote. Nilifungua lile liputa nimalizie na vitambaa, angalau vifanye tandiko, sakafu hii ni baridi. Mama aliniona toka upande wa pili wa darasa.

"Usifule ile."

Nilisema ni vichafu. Akasema anajua. Nilisema basi tutandike tulale juu yake. Akasema hapana, akavichukua, akavikunja vumbi kwa ndani, akaviweka chini ya kichwa chake. Mbele ya familia sita. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe mpaka hasira ikapungua. Nilifikiri labda uzee umeanza. Halafu nikafikiri anavitaka kwa sababu vilikaa juu ya namba za Papa na sasa namba hazipo, na aliyezifuta ni mimi. Hilo la pili lilikuwa baya zaidi.

Alhamisi, 3 Juni

Mama ana kazi. Ametegemeza kichwa cha mashine juu ya dawati, Aline anazungusha gurudumu kwa mkono, yeye anaongoza kitambaa. Kamba za mifuko. Zipu. Mbeleko ya mtoto iliyochanika njiani. Siku ya kwanza alikuja jirani wa darasa hili, leo wamekuja watu kutoka kanisani na kutoka kwenye mahema. Mwanamke mmoja wa Butembo, mfanyabiashara, alileta begi lake limepasuka mgongo na nguo zinamwagika. Mama aliligeuza ndani nje, akaliangalia kama anasoma barua, akasema ni kazi ya saa moja. Ilikuwa saa moja. Yule mwanamke amevuta begi kwa nguvu zote kulijaribu na mshono haukutikisika.

Ana miaka sitini na mmoja. Anafanya haya tangu nijue kusema. Nimekaa naye nyumba moja maisha yangu yote na nilikuwa ninaona mama anashona tu.

Ninamkasirikia kwa sababu hanikasirikii. Huo ndio ukweli wa wiki hii.

Jumanne, 8 Juni

Tumeruhusiwa kurudi. Tumerudi.

Vyumba viwili vimesimama. Chumba cha Mama hakipo. Kimeanguka wakati hatupo, siku gani hakuna anayejua kwa hakika. Jirani yetu Mama Kavira alirudi kabla yetu, akaogopa wezi wa mbao. Yeye na vijana wake walikusanya kila ubao, hata zilizokuwa zimeingia kwenye ufa, wakazipanga ukutani kwetu kwa urefu, ndefu na ndefu, fupi na fupi, safi kabisa. Aliniambia kwa furaha, akinionyesha. Nikamkumbatia. Nilimshukuru kwa moyo wote, na hapohapo nilitaka kulia, kwa sababu hapakubaki mpangilio hata wa mbao mbili.

Arobaini na sita, mmoja umevunjika vipande, zote za kijani. Nzuri sana kwa macho.

Ijumaa, 11 Juni

Janvier amesimamisha nguzo nne mbele. Alijaribu kupanga ukuta wa nyuma kwa macho. Toka asubuhi hadi saa nane. Mkono unapita. Akabadilisha, unapita mahali pengine. Alitupa nyundo, akaenda kuiokota, akaomba radhi kwa nyundo. Kisha mvua ikaanza kunyesha.

Anasema tununue mbao mpya, za kiwandani, zilizonyooka. Hizi tuzichome. Hakusema kwa ubaya. Mama alikuwa anakunja nguo. Alisema tungoje kesho, jua likiwaka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu. Nyumba hii imepita vita viwili, na aliyeimaliza ni mimi na brashi.

Jumamosi, 12 Juni

Nataka kuandika siku hii vizuri, sitaki kuisahau.

Jua lilitoka. Mama alifagia uwanja wa mbele, akafungua lile liputa, akatandaza kitambaa kimoja chini, akaweka jiwe kila kona. Akatuita.

Michirizi. Ile michirizi ya kahawia niliyotaka kuifua. Kila mahali mbao mbili zilipokutana vumbi lilipita na kuchora mstari juu ya kitambaa, miaka kumi na mitatu, na mstari umefuata kila pindo la ubao, linapobana na linapoachia. Kati ya mstari na mstari ni ubao mmoja. Na pale ubao ulipokuwa na fundo la mti, utomvu umeacha doa la njano.

"Ile ni patron," Mama alisema.

Kila fundi anajua, huanzi kwa kitambaa, unaanzia kwa karatasi iliyokatwa umbo. Yeye alikuwa amelala juu ya karatasi hiyo siku tisa pale Sake, chini ya kichwa chake, na hakutuambia kwa sababu hakuwa na hakika. Mama hasemi kabla mkasi haujapita. Nilimwuliza alianza lini kufikiri. Alisema siku ile ya rangi, alipoviona ndani ya beseni.

Alitoa utepe wake wa kupimia. Akapima nafasi ya kwanza, juu, katikati, chini, akataja namba tatu. Aline na Janvier wakatafuta ubao. Wa sita kujaribiwa ulikubali. Fundo kwa doa. Tukaulaza. Wa pili. Wa tatu. Ukuta wa kwanza ukajaa. Kwenye kitambaa cha pili kila ubao ulikataa, na hapo nikaona Janvier anaanza kuitafuta nyundo kwa macho ili aitupe. Mimi ndiye niliyekuwa nimekitandaza, nikijifanya nimeelewa. Mama alikuja akainua ukingo.

"Uligeuza kitambaa, Furaha. Huku ni kwa nyumba, huku ni kwa ukuta. Hata robe ya kwaya ukiikata hivi, mukono wa kuume utaenda kwa kushoto."

Tukageuza. Ubao ukakubali. Ubao wenye rangi unalala kijani chini, kwa hiyo rangi haikutusumbua kabisa, tulikuwa tunasoma migongo.

Mama Kavira alileta maharage na hakurudi kwake. Watu wa avenue yetu walisimama kwenye ua, mmoja akisema huu ni uchawi, mwingine akimjibu ni ushonaji. Saa tisa kulikuwa na kuta nne zimelala uwanjani na nafasi moja tupu. Ubao mmoja ulivunjika vipande chumba kilipoanguka. Mama aliingia ndani, akatoa ubao wa meza yake ya kukatia, meza aliyokuwa nayo kabla sijazaliwa. Akauweka chini ya kitambaa, akahamisha mistari kwa chaki yake ya fundi, Janvier akafuata kwa msumeno. Umeingia bila nyundo.

Janvier alipitisha mkono wake kwenye ukuta wa kwanza, mwanzo hadi mwisho. Mkono haukupita popote. Alikaa chini. Alimwangalia Mama na akasema, polepole, kwamba Muzee alihitaji makaa na ngazi na mtu wa kuishika. Mama alimwambia aende kunawa, chakula kinapoa.

Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa Kinyarwanda cha kilimani kwetu, kwa sababu kwa Kiswahili ulitoka kama maneno ya shule. Alisema chumba kilikuwa cheusi kweli. Alisema anapenda kijani.

Alhamisi, 17 Juni

Kuta zimesimama. Bati liko juu. Mama ametaka namba.

Nilisema Janvier aandike. Akasema hapana, wewe. Akanipa kipande cha makaa kutoka jikoni, akakaa kitandani kwake na ushonaji wake wa mkononi. Nikapanda juu ya kiti. Juu ya kijani makaa yanaonekana vizuri kuliko nilivyotegemea. Niliandika moja, mbili, tatu, nne. Nikafika tano. Sindano ya Mama ilikuwa imesimama.

"Angalia ile ine," alisema.

Niliangalia. Ni nne tu. Nikauliza ina nini.

"Ni ya baba yako."

Nilishuka kwenye kiti nikaitazama kutoka alipokuwa yeye. Mguu umepinda, umeelekea kushoto, umechoka kabisa. Sikuiandika kwa makusudi. Ninaiandika hivyo kila siku, mbele ya darasa langu. Mama alinyanyuka akaigusa kwa kidole, akaangalia kidole chake, akarudi kukaa. Nikaendelea. Kumi na nne. Ishirini na nne. Kwenye ule ubao wa meza, ambao hauna rangi, ni thelathini na nne. Nilifika arobaini na sita, nikashuka, nikamrudishia Mama makaa yaliyobaki.

Jumapili, 20 Juni

Maji yamerudi kwenye bomba la avenue. Mwanzo yalitoka na tope, sasa ni safi.

Baada ya misa Mama aliniletea vitambaa vinne, vimekunjwa.

"Sasa unaweza fula."

Mabeseni matatu ya maji kwa kila kimoja. Maji ya kwanza yalitoka kama chai nzito. Aline alisuuza na kulalamika. Mistari haikuisha yote, imebaki hafifu, ataiona anayejua kuitafuta. Mama amevipiga pasi vikiwa na unyevu, kisha tumevitundika, kijani nyuma yake na namba juu ya kijani. Janvier amekula akiwa amekaa.

Kesho narudi darasani. Yale madaftari kumi na mawili bado yako mezani. Nne zao nitaziacha zilivyo.